Mkimlilia Mtu, Ulizeni Deni Lake

Wanangu, na wajukuu zangu, naomba mtulie kidogo. Mzee akirudia neno mara ya pili na ya tatu, msidhani amesahau kuwa alikwisha kulisema. Analirudia kwa sababu bado hajaona likifuatwa. Hili nimelisema msibani, nimelisema barazani, nimelisema hata penye furaha nikaambiwa si mahali pake. Leo naliandika, kwa kuwa sauti imepungua nguvu na maandishi humfikia hata yule ambaye hakuwepo.

Neno lenyewe ni fupi. Tunawatangaza wafu kuliko wakati wowote, lakini hatuwakumbuki.

Angalieni tunavyofanya. Mtu mashuhuri anafariki alfajiri, Roma au Nairobi au Atlanta. Kabla ya adhuhuri picha yake imejaa kwenye simu zetu, pembeni mshumaa, chini yake maneno ya kumtakia apumzike kwa amani, na pengine usemi wa hekima ambao marehemu hakuutamka kamwe. Wengine wana haraka zaidi: wanamzika mtu ambaye bado anapumua, na familia yake inaanza kupokea simu za pole huku mgonjwa wao yuko kitandani anaomba uji. Kesho yake anakuja marehemu mwingine, na wa jana amekwisha. Nikimuuliza kijana aliyeweka picha, "Huyu alifanya nini?" hunijibu, "Alikuwa mtu mkubwa, babu." Mkubwa kwa lipi? Hapo hana jibu.

Sisemi msilie. Kumlilia binadamu mwenzako, hata wa nchi usiyoijua, ni utu, na nafurahi kwamba utu huo mnao. Ninachowakumbusha ni desturi yetu wenyewe. Katika maziko, kabla watu hawajatawanyika, husimama mtu wa familia akauliza hadharani: kuna anayemdai marehemu? Mwenye dai ajitokeze, au aje nyumbani tuzungumze. Na warithi wenye heshima hawagawani hata kijiko kabla deni halijalipwa. Sasa watu wakubwa wa dunia nao huondoka na kazi ambayo haijaisha. Kazi hiyo ndiyo deni lao, na warithi ni sisi tuliobaki. Kumkumbuka mmoja wao ni kujua siku zake za kawaida zilipitia kwenye kazi gani, kisha kuuliza kimebaki nini na nani atakishika.

Nitawatajia wachache waliotutoka miaka ya karibuni. Nimewachagua wale ambao kazi yao inafikika kwa mkono wako wewe unayesoma.

Tarehe 17 Februari 2025, katika makao ya wazee huko New South Wales, Australia, alifariki usingizini mzee wa miaka 88 aitwaye James Harrison. Hakuwa rais wala mwanamuziki. Alipokuwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua, akaishi kwa damu ya watu asiowajua. Akaahidi kwamba akifikia umri unaoruhusiwa naye atatoa. Mwaka 1954, akiwa na miaka 18, akaanza. Baadaye madaktari waligundua kuwa damu yake ina kingamwili adimu inayotumika kutengeneza sindano ya anti-D.

Sindano hiyo ina kazi gani? Mama mwenye rhesus hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye rhesus chanya, mwili wake unaweza kuiona damu ya mtoto kuwa ni adui. Mtoto wa kwanza mara nyingi hunusurika. Anayefuata ndiye anayeshambuliwa tumboni, akazaliwa na upungufu mkubwa wa damu, au ubongo umeumia, au amekwisha kufa. Wako akina mama waliozika watoto mmoja baada ya mwingine bila kujua sababu, na sababu ikatafutwa kwa waganga na kwa majirani wasio na hatia. Sindano ya anti-D, ikichomwa kwa wakati wake, humkinga mtoto anayefuata.

Harrison alitoa plazima mara 1,173, kwa zaidi ya miaka 60, hadi mwaka 2018 alipokuwa na miaka 81 na kanuni za nchi yake hazikumruhusu tena. Huduma ya damu ya Msalaba Mwekundu ya Australia inakadiria kuwa damu yake iliwafaa watoto milioni 2.4. Binti yake mwenyewe alichomwa sindano hiyo. Na mzee huyu, wanangu, aliogopa sindano. Miaka yote hiyo, muuguzi alipomshika mkono, yeye aligeuza uso akatazama dari, akatazama ukuta, akazungumza na wauguzi. Hakuitazama sindano ikiingia mwilini mwake hata siku moja. Aliogopa, na baada ya wiki mbili akarudi.

Deni lake liko wazi. Kwetu, watu wengi hukumbuka benki ya damu siku ndugu yao amelazwa na daktari ametoka na karatasi mkononi. Hapo ndipo simu zinapigwa, hapo ndipo vijana wanatafutwa vijiweni. Tanzania tuna Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na nchi jirani zina vituo vyao. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Nenda wakati huna mgonjwa. Na wewe binti mwenye ujauzito, usiondoke kliniki bila kujua kundi lako la damu na rhesus yako. Uliza, usione haya.

Miezi miwili baada ya Harrison, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, alifariki Papa Francisko akiwa na miaka 88. Nyinyi mlihesabu marais na wafalme waliohudhuria maziko. Mimi nimeshika jambo moja dogo. Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, mamia ya watu walikimbilia kwenye parokia ya Familia Takatifu, kanisa pekee la Kikatoliki katika Gaza. Tangu hapo, karibu kila jioni, Papa aliwapigia simu. Mara nyingine mazungumzo yalikuwa ya dakika moja tu. Aliwauliza hali zao. Aliwauliza leo wamekula nini. Alipolazwa hospitalini kwa nimonia ya mapafu yote mawili aliendelea kupiga, na alipiga Jumamosi jioni, siku mbili kabla ya kufa. Mtu mwenye waumini zaidi ya bilioni moja, na mapafu yanayomsumbua, alipata dakika ya kumuuliza mtu wa mbali amekula nini.

Basi nawauliza kwa upole: jana ulimpigia nani? Tunajaa kwenye msiba siku tatu, tunachangia, tunapika, tunakesha. Arobaini ikipita, simu ya mjane hailii tena. Shangazi aliyevunjika nyonga tunamuulizia kwa mtu mwingine. Wema wa aina hii hauhitaji fedha wala cheo. Unahitaji kurudiwa kesho na keshokutwa, na hapo ndipo tunaposhindwa.

Na jingine kutoka kwake. Aliacha wosia kwamba kaburi lake liwe ardhini, la kawaida, lisiwe na mapambo, na juu yake liandikwe jina lake tu kwa Kilatini, Franciscus. Sisi tunachangishana mamilioni ya jeneza la kung'aa, fulana zenye picha na magari ya msafara, kwa ajili ya mtu ambaye mwezi uliopita alikosa nauli ya kwenda kliniki. Jambo hili linanichosha kuliko yote niliyoyaona uzeeni. Fedha ya kumtibu ilikuwapo. Ilingoja afe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, tarehe 29 Desemba 2024. Siku hiyo alifariki Jimmy Carter, rais wa 39 wa Marekani, akiwa na miaka 100. Alitawala muhula mmoja, akashindwa uchaguzi wa mwaka 1980, akarudi kijijini kwake Plains, Georgia. Tumewaona wakubwa wengi ambao wakishatoka madarakani hubaki wakinung'unika mpaka kaburini. Carter alitafuta kazi, na miongoni mwa kazi alizozishika ni moja ambayo wanasiasa hawaipendi: mnyoo wa Guinea.

Mnyoo huo humwingia mtu anayekunywa maji ya bwawa yenye vijidudu vilivyobeba viluwiluwi vyake. Unakaa mwilini karibu mwaka mzima bila kujulikana. Kisha unatoboa ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu ya kuunguza, na urefu wake unaweza kufika mita moja. Huwezi kuuvuta kwa nguvu, maana ukikatikia ndani kidonda huharibika. Unauzungusha kwenye kijiti, sentimita chache leo, chache kesho, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akienda kutumbukiza mguu majini apate nafuu, mnyoo unamwaga watoto wake mle, na kijiji kizima kinakunywa. Mkulima halimi, mtoto haendi shule. Mwaka 1988, katika kijiji kimoja cha Ghana, Carter alimwona mama kijana ambaye alidhani amepakata mtoto kifuani. Akamsogelea. Hapakuwa na mtoto. Mama yule alikuwa ameshika ziwa lake lililovimba, na mnyoo ulikuwa unatokea kwenye chuchu.

Taasisi yake ilipoanza kuongoza kazi hiyo mwaka 1986, wagonjwa walikadiriwa kufika milioni 3.5 kwa mwaka, katika nchi 21 za Afrika na Asia. Chanjo hakuna. Dawa ya kuutibu hakuna. Silaha ilikuwa kitambaa cha kuchujia maji, dawa ya kutia bwawani, na mtu wa kijijini anayepita nyumba kwa nyumba akirudia maneno yaleyale mpaka yanasikika. Mwaka 1995 Carter aliwashawishi waliokuwa wakipigana Sudan wasimamishe vita, na kwa karibu miezi sita wahudumu wa afya wakapita mahali ambapo risasi zilikuwa hazijawaruhusu. Uganda ilithibitishwa kuwa imeondokana na mnyoo huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Mwaka 2024, mwaka wa kifo chake, walihesabiwa wagonjwa 15 tu duniani kote, wote Chad na Sudan Kusini. Mzee alikuwa amesema anataka mnyoo wa mwisho ufe kabla yake. Haikuwa hivyo. Wale waliobaki ndio deni.

Mtasema, Chad ni mbali. Kweli. Lakini kipindupindu si mbali. Kila mvua kubwa zikinyesha kinapiga hodi kwetu, nasi tunajua njia yake kama tunavyojua njia ya sokoni: maji machafu, choo kilichofurika, mikono isiyonawa. Anayechemsha maji nyumbani kwake, anayelisimamia tangi la shule lioshwe, anayemwambia jirani bila kumtukana kwamba choo chake kimejaa, huyo yuko kwenye kazi ileile aliyoifanya Carter, na siku ya kumtaja Carter ana haki ya kusimama.

Tarehe 1 Oktoba 2025 alifariki Jane Goodall, California, akiwa na miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara. Huyu anatuhusu sisi moja kwa moja. Tarehe 14 Julai 1960 mashua ilimteremsha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Gombe, kaskazini mwa Kigoma. Alikuwa na miaka 26, hana digrii, ametumwa na Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuwa Nairobi. Mama yake alifuatana naye, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake.

Kwa miezi sokwe walimkimbia. Sokwe akimwona ng'ambo ya bonde, anaondoka. Hakuwafukuza. Alipanda kilimani alfajiri, akakaa na darubini yake mahali palepale, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka sokwe wakazoea kwamba yule kiumbe hana madhara. Kisha mwezi wa Novemba akamwona dume mwenye ndevu nyeupe, ambaye alimpa jina David Greybeard, amechutama kwenye kichuguu. Sokwe alitumbukiza unyasi tunduni, akangoja, akautoa taratibu ukiwa umeng'atwa na mchwa kuanzia ncha, akawala kwa midomo. Goodall aliona pia sokwe wakichuma vijiti na kuvipukuchua majani kabla ya kuvitumia. Maana yake ni kwamba walikuwa wanatengeneza zana. Wataalamu wa wakati ule walifundisha kwamba mwenye kutengeneza zana ni binadamu pekee. Fundisho hilo lilianguka Kigoma, kwa sababu mtu alikubali kukaa na kutazama.

Na hapa kuna watu tunaowasahau hata tunapomsifu Goodall. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakawateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa kwenye kazi ya utafiti Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa nje waliondoka. Walioendelea kuingia msituni kila asubuhi, kuwafuata sokwe na kuandika daftari kwa Kiswahili, walikuwa Watanzania wa Kigoma, akina Hilali Matama na Eslom Mpongo na wenzao. Utafiti wa Gombe usingefika miongo sita bila wao. Ukimtaja Jane Goodall katika nchi hii bila kuwataja hao, umesimulia nusu ya habari.

Mwaka 1991, nyumbani kwake Dar es Salaam, Goodall alikaa na wanafunzi 12 wa Kitanzania, na kikao hicho kikazaa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo uko katika nchi nyingi duniani. Miaka mitatu baadaye taasisi yake ilianza kazi na vijiji vinavyoizunguka Gombe, kwa kuwa aliona milima nje ya hifadhi imekwisha miti. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanahitaji nini. Deni lake basi ni hili: tumekuwa hodari wa kupanda miti siku ya sherehe, mgeni rasmi akiwa na koleo na mpiga picha mbele yake. Mwezi unaofuata nenda ukatazame. Mbuzi wamemaliza. Kijana, panda mti mmoja na uumwagilie mpaka ukuzidi kimo. Huo mmoja ni bora kuliko elfu moja ya kwenye hotuba.

Kutoka kwa jirani zetu wa Kenya tumempoteza Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Georgia, Marekani, tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Mwishoni mwa mwaka 1977 alikamatwa bila kufikishwa mahakamani, baada ya tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kwa lugha yao wenyewe. Gerezani Kamiti aliandika riwaya nzima ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni. Karatasi zile zilikuwa ngumu, za kumtesa mfungwa. Yeye akaona zinashika wino vizuri. Alifungwa kwa sababu ya lugha ya mama yake, na jibu lake lilikuwa kuandika zaidi kwa lugha hiyohiyo.

Siku alipofariki, simu zilijaa maneno ya buriani gwiji, buriani nguli. Nawauliza kwa wema: mmesoma kipi? Riwaya ile imefasiriwa kwa Kiswahili, inaitwa Shetani Msalabani. Tamthilia nayo imefasiriwa, Nitaolewa Nikipenda. Mwandishi hana kaburi la kweli isipokuwa kitabu ambacho hakifunguliwi. Mkitaka kumheshimu, tafuteni nakala, msomeane jioni, na mwandike barua moja kwa bibi yenu kwa lugha anayoielewa.

Lipo jambo jingine linalohitaji ujasiri, nalo ni kumsema marehemu kwa haki. Tarehe 29 Februari 2024 alitutoka Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Awamu ya Pili wa Tanzania, akiwa na miaka 98, akazikwa Mangapwani, Unguja. Wengi mlimtaja kwa jina la Mzee Ruksa, na kwa maduka yaliyojaa bidhaa tena baada ya miaka ya foleni. Ni kweli. Wapo wanaomlaumu kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Nalo lisemwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mimi namkumbuka zaidi kwa mwaka 1977. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkoani Shinyanga, raia waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji walikufa mikononi mwa maofisa wa dola. Mwinyi hakumgusa hata mmoja wao. Lakini waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Miaka minane baadaye wananchi walimpa nchi nzima. Viongozi wetu wa leo, kuanzia wa nchi hadi mweka hazina wa kikoba, wangapi wamesimama wakasema, hili limetokea chini yangu, nawajibika? Wanaohudhuria kumbukumbu yake kwa suti nyeusi wana deni hilo mezani.

Na nyinyi mnaodhani mambo haya ni ya wazee, mkumbukeni Kelvin Kiptum. Oktoba 2023 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, kasi ambayo hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameifikia katika marathoni rasmi. Rekodi yake iliidhinishwa rasmi tarehe 6 Februari 2024. Tarehe 11 ya mwezi huohuo alikufa katika ajali ya gari nyumbani Kenya, pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Kazi aliyotaka kuifanya mwaka ule, kushuka chini ya saa mbili, ilibaki barabarani. Kifo hakina umri, wanangu. Nanyi mnaoendesha kwa mwendo wa kuwahi, mpunguze. Hilo nalo ni sehemu ya kumkumbuka.

Mkiwatazama wote hawa pamoja mtaona jambo moja. Kilichowafanya wakubwa hakikuonekana siku ile kilipokuwa kinafanyika. Kuchomwa sindano na kurudi. Kupiga simu ya dakika moja. Kuzungusha mnyoo kwenye kijiti. Kukaa kilimani na darubini. Kuandika kwa siri. Kusaini barua ya kujiuzulu. Picha za magazetini zilikuja baadaye, na wengine walizeeka bila picha hizo. Kwa hiyo msingoje ukubwa ndipo muanze kazi, na msidhani kuwa aliye kimya mtaani kwenu hafanyi kitu.

Maana watu wa aina hii mnao. Yupo mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa wenu. Yupo mwalimu aliyestaafu anayefundisha watoto kusoma chini ya mwembe bila malipo. Yupo mzee anayejua mipaka ya mashamba yote na ugomvi wote ulivyosuluhishwa. Hao mtawaandikia taazia ndefu, na nusu ya maneno mtabahatisha, kwa kuwa hamkuwauliza walipokuwa hai. Nendeni sasa. Kaeni nao, waulizeni kazi ilianzaje, nini kiliwashinda, nani amewarithi. Andikeni wanayosema. Na mseme ahsante masikio yao yangali yanasikia.

Sina nguvu ya kuwafuata mmoja mmoja kuona nani amefanya. Nawaachia wenyewe. Katika wote niliowataja, kila mmoja wenu achague mmoja, ashike kipande cha kazi yake, na akishike mwaka mzima bila kumtangazia mtu. Asiyeweza kwenda mbali achangie damu wiki hii. Asiyeweza kuchangia damu ampigie mjane simu leo jioni, na kesho ampigie tena.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliofiwa, na sisi tuliobaki atupe afya ya kumaliza walichokianza. Amina.